Mipango minne ya kuijenga upya Marekani baada ya utumwa: utetee upi?

Mada hii haikosi kwenye midahalo ya shule na mitihani ya historia, na siku hizi imeingia hata kwenye semina za maridhiano. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vimekwisha mwaka 1865, waliokuwa watumwa karibu milioni 4 wako huru, na majimbo 11 ya Kusini yaliyojitenga yako hoi. Wewe ungeyarudisha vipi? Wengi hukimbilia jina la Lincoln kwa kuwa ndilo wanalolijua, halafu wanakwama pale mpinzani anapouliza wale watu milioni 4 walikula nini mwaka uliofuata.

Mipango iliyokuwa mezani ni minne. Mitatu ina wenyewe wanaojulikana: Rais Abraham Lincoln, Rais Andrew Johnson aliyemrithi, na Bunge la Marekani. Wa nne ni wa ardhi. Vitabu vingi huupitia kwa mstari mmoja, lakini hapa nimeupa nafasi kamili kwa sababu ndio mpango ambao walioachwa huru, walipoulizwa, walijibu wenyewe kuwa wanautaka.

Mizani tutakayotumia

Nitauliza maswali manne yaleyale kwa kila mpango. Aliyeasi anarudishwa kwa sharti gani? Aliyekuwa mtumwa anabaki na nini mkononi: mshahara, kura, shamba, au maneno matupu? Nani atailinda ahadi hiyo siku bwana wa zamani atakapokuja usiku na bunduki? Na mwisho, mpango unadai muda na subira kiasi gani kutoka kwa watu wa Kaskazini, ambao ndio waliolipa kodi na kupeleka vijana wao jeshini?

Upole na ukali sikuvifanya kigezo. Kwa miaka mingi waandishi walipenda kupanga hivyo, Lincoln mpole na Bunge kali, bila kuuliza mpole kwa nani. Msamaha aliopewa mwenye shamba wa pwani ya Georgia mwaka 1865 ulikuwa, kwa familia iliyokuwa imeshalima shamba hilo, amri ya kuhama.

1. Mpango wa Lincoln: asilimia 10

Kurudi. Tangazo la tarehe 8 Desemba 1863 lilitoka risasi zikiwa bado zinalia, na usipolisoma hivyo hutalielewa. Jimboni wakipatikana watu wanaofikia asilimia 10 ya wapiga kura wa mwaka 1860, wakala kiapo cha utii na kukubali kuwa utumwa umekwisha, waliweza kuunda serikali itakayotambuliwa na Washington. Vigogo wa serikali ya waasi na makamanda wao wa juu waliachwa nje ya msamaha. Louisiana, Arkansas na Tennessee zilianza safari hiyo. Wabunge wengi waliona asilimia 10 ni mzaha. Julai 1864 walipitisha muswada wa Wade na Davis uliodai zaidi ya nusu ya wanaume weupe wa jimbo wale kiapo kwanza. Lincoln aliukalia bila kuutia saini hadi ukafa.

Mkononi. Uhuru, na ahadi ya elimu. Tangazo lenyewe liliruhusu majimbo kuweka taratibu za muda kwa watu hawa, likiwataja kama tabaka la vibarua wasio na ardhi wala makao. Louisiana, chini ya Jenerali Nathaniel Banks, walifungwa kwenye mikataba ya mwaka mzima kwa ujira mdogo, na kutoka shambani kulihitaji kibali. Kuhusu kura, Machi 1864 Lincoln aliwapokea Ikulu wajumbe wawili weusi waliotumwa na wenzao wa New Orleans, Jean Baptiste Roudanez na Arnold Bertonneau, wakiwa na ombi la haki hiyo. Muda mfupi baadaye alimwandikia Gavana Michael Hahn barua ya faragha, akapendekeza kwamba baadhi yao wakubaliwe, hasa waliopigana jeshini. Katiba ya Louisiana ya mwaka huo haikuwapa kura.

Ulinzi na muda. Jeshi lilikuwa tayari uwanjani, kwa hiyo ulinzi haukudai gharama mpya. Muda ulikuwa mfupi kwa makusudi, kwani kila jimbo lililorudi liliwavunja moyo waasi waliobaki.

Unamfaa nani. Anayejadili namna ya kumaliza vita. Ukiupima kama chambo cha kumvuta adui aweke silaha chini, mpango huu una akili sana. Ukiupima kama ramani ya maisha baada ya vita, utajikuta unamtetea Lincoln ambaye hakuwahi kuwepo. Tarehe 11 Aprili 1865 alisema hadharani kwa mara ya kwanza kwamba angependa baadhi ya watu weusi wapige kura. John Wilkes Booth alikuwa kwenye umati ule, na siku 3 baadaye alimpiga risasi. Hoja ya "angeishi angefanya" haina ushahidi, na mpinzani mzuri ataichana.

2. Mpango wa Johnson: warudi haraka

Kurudi. Johnson alikuwa fundi cherehani wa Tennessee, mtu aliyekulia ufukara na aliyewachukia matajiri wa mashamba makubwa, ingawa yeye mwenyewe aliwahi kumiliki watumwa. Tangazo lake la tarehe 29 Mei 1865 liliwasamehe waasi wengi kwa kiapo tu. Waliokuwa na mali inayozidi dola 20,000 ilibidi wamwombe yeye binafsi. Wengi walitarajia angewabana hapo, lakini barua za maombi zilimiminika naye akatoa misamaha kwa maelfu. Majimbo yalitakiwa kukana kujitenga, kukana madeni ya vita na kuridhia Marekebisho ya 13 ya Katiba yanayofuta utumwa.

Mkononi. Haki ya kutouzwa, na zaidi ya hapo kidogo sana. Mabunge mapya ya Kusini, yaliyochaguliwa na weupe peke yao, yalitunga sheria za kuwabana watu weusi. Mississippi, Novemba 1865, iliwataka kila Januari waonyeshe hati ya kuthibitisha wana kazi au makao. Aliyeacha kazi kabla ya mkataba kuisha alipoteza ujira wake, na aliyehukumiwa kwa uzururaji akashindwa faini alikodishwa kwa atakayemlipia. South Carolina iliweka leseni ya hadi dola 100 kwa mwaka kwa mtu mweusi aliyetaka kufanya kazi nyingine zaidi ya kulima au utumishi wa ndani. Msomaji wa Zanzibar ataitambua sura hii mara moja. Dikrii ya Aprili 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba nayo ilimtaka aliyeachwa huru aonyeshe ana makao na riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji, na waliolipwa fidia walikuwa mabwana.

Ulinzi na muda. Johnson aliacha ulinzi kwa majimbo yenyewe. Mei 1866 weupe wa Memphis, polisi wakiwemo, waliua watu weusi 46 ndani ya siku 3. Lakini tumtendee haki: muda ndio nguvu ya mpango huu. Hadi Desemba 1865 alikuwa tayari kutangaza kazi imekwisha. Askari walitaka kurudi kwao, hazina ilikuwa na deni kubwa, na hoja yake ya kikatiba kwamba jimbo haliwezi kujitoa kwenye Muungano, hivyo halihitaji kupokelewa upya, iliwaridhisha wanasheria wengi wa wakati ule.

Unamfaa nani. Anayetetea mamlaka ya majimbo, au anayeamini kwamba amani kati ya waliopigana ndiyo ya kwanza na mengine yatafuata. Ujiandae kwa swali moja gumu: Georgia ilimchagua Alexander Stephens, aliyekuwa makamu wa rais wa serikali ya waasi, kuwa seneta hata mwaka mmoja haujapita tangu vita viishe. Bunge lilikataa kuwapokea wajumbe wa aina hii.

3. Mpango wa ardhi: ekari 40

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hoja nyingi kwenye midahalo huanguka au kusimama hapa.

Jioni ya tarehe 12 Januari 1865, mjini Savannah, Jenerali William Sherman wa jeshi la Kaskazini na Waziri wa Vita Edwin Stanton waliketi na viongozi 20 wa makanisa ya watu weusi. Msemaji wao alikuwa Garrison Frazier, mzee wa miaka 67, aliyejinunua yeye na mkewe miaka 8 nyuma kwa dola 1,000 za dhahabu na fedha. Alipoulizwa watu wake watajitunza vipi, alijibu kwamba njia bora ni kuwa na ardhi na kuilima kwa jasho lao wenyewe. Alipoulizwa kama wangependa kuishi kati ya weupe au peke yao, alisema peke yao, kwani chuki ya Kusini itachukua miaka kwisha. Mmoja tu alimpinga, James Lynch, kijana aliyetoka Baltimore. Lynch huyohuyo baadaye alikuja kuwa katibu wa serikali ya jimbo la Mississippi.

Kurudi. Mpango wenyewe haukujishughulisha na majimbo. Ulihusu mali ya aliyeasi: irudishwe kwake, au iwe bei ya uasi? Thaddeus Stevens, mbunge wa Pennsylvania, alitaka mashamba ya matajiri wakubwa yatwaliwe na kila mwanamume mzima aliyeachwa huru apewe ekari 40. Bunge halikumfuata.

Mkononi. Amri ya Sherman, siku 4 baada ya kikao kile, ilitenga visiwa na ukanda wa pwani kutoka Charleston hadi mto St. Johns wa Florida, kila familia kipande kisichozidi ekari 40. Hadi Juni walikuwa wamehamia humo watu wapatao 40,000. Walichopewa kilikuwa cheti cha kukaa, si hati ya kumiliki, na hapo ndipo pa kuangalia. Johnson alipoanza kuwasamehe wenye mashamba, msamaha ulibeba na ardhi. Oktoba 1865 Jenerali Oliver Howard, mkuu wa idara ya kuwahudumia walioachwa huru, alitumwa kisiwa cha Edisto kuwaeleza watu kanisani kwamba waafikiane na mabwana wao wa zamani. Howard alikuwa amepoteza mkono wa kulia vitani. Kamati ya wanakisiwa ilimjibu kwa maandishi: unatuomba tuwasamehe, wewe umepoteza mkono tu na pengine unaweza; lakini aliyenifunga kwenye mti akanichapa viboko 39, akamchapa mama na dada yangu, huyo nimsameheje, hasa anapopanga kuninyima shamba?

Sasa linganisha na Robert Smalls. Huyu ndiye mtumwa aliyeiiba meli ya waasi, Planter, bandarini Charleston mwaka 1862 na kuipeleka kwa jeshi la Muungano. Mjini Beaufort, mwendo mfupi kutoka Edisto, alinunua nyumba ya aliyekuwa bwana wake kwenye mnada wa serikali wa mali zilizodaiwa kodi. Mwenyeji wa zamani alidai arudishiwe, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1878 Smalls akashinda. Pwani ileile na vita vilevile, ila mmoja alishika hati ya mauzo na wenzake walishika cheti cha jeshi. Mtu yeyote aliyewahi kuhangaikia hati ya kiwanja anaielewa tofauti hiyo bila kufundishwa.

Ulinzi na muda. Watetezi husema mwenye shamba hujilinda mwenyewe, kwa kuwa hawezi kutishwa kwa njaa siku ya uchaguzi. Kuna ukweli, ila wakulima weusi waliomiliki ardhi nao walishambuliwa na makundi ya usiku. Pingamizi zito zaidi lilitoka Kaskazini. Kugusa mali binafsi kuliwatisha matajiri wa huko, na viwanda vya nguo vya Massachusetts vilitaka pamba irudi haraka, wakati mtu mwenye ekari zake 40 hupanda kwanza mahindi na viazi. Ni viwanda vya eneo hilohilo vilivyofuma merikani iliyovaliwa Unguja na kubebwa na misafara ya bara, hadi vita vilipoikatisha na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake.

Unamfaa nani. Anayeamini kwamba uhuru bila uchumi ni jina tu. Usikubali mpinzani akisema ulishindwa, maana haukupewa hata miaka 2.

4. Mpango wa Bunge: kura na Katiba

Kurudi. Sheria za Ujenzi Mpya, zilizoanza tarehe 2 Machi 1867 licha ya kura ya turufu ya Johnson, ziliyagawa majimbo 10 katika wilaya 5 za kijeshi. Tennessee ilisalimika kwa kuwa ilikuwa imesharidhia Marekebisho ya 14 ya Katiba. Kila jimbo liliandika katiba mpya kupitia wajumbe waliochaguliwa na wanaume wa rangi zote, kisha likaridhia Marekebisho hayo. Baadhi ya viongozi waasi walizuiwa kushika vyeo.

Mkononi. Kura kwa wanaume, uraia wa kila aliyezaliwa Marekani (Marekebisho ya 14, 1868), marufuku ya kumnyima mtu kura kwa rangi yake (Marekebisho ya 15, 1870), na shule. Shule za umma kwa jimbo zima zilianza kwingi Kusini chini ya serikali hizi, na watoto maskini weupe walifaidi pia. Hiram Revels wa Mississippi aliingia Seneti Februari 1870. Jumla ya watu weusi 16 waliketi katika Bunge la taifa kipindi hicho, Smalls akiwa mmoja wao. Ardhi hawakupewa, na wengi waliishia kulima kwa kugawana mavuno, wakidaiwa dukani kila msimu. Ufisadi ulikuwepo, hasa kwenye dhamana za reli. Wapinzani waliupaza kama vile Kaskazini kulikuwa na malaika.

Ulinzi. Hapa ndipo mpango ulipong'ara na ndipo ulipokufa. Kundi la Ku Klux Klan, lililoanzia Pulaski, Tennessee, lilichapa na kuua wapiga kura na walimu. Oktoba 1871 Rais Ulysses Grant alisimamisha haki ya aliyekamatwa kufikishwa mahakamani ili uhalali wa kuzuiliwa kwake uchunguzwe katika kaunti 9 za South Carolina. Mamia walikamatwa na Klan ikavunjika mgongo. Kumbe iliwezekana! Lakini Jumapili ya Pasaka, 13 Aprili 1873, mjini Colfax, Louisiana, kundi la weupe liliwaua watetezi weusi wa jengo la mahakama, wengi wao wakiwa wameshajisalimisha. Makadirio yanaanzia 60 hadi 150. Waliotiwa hatiani ni 3, na mwaka 1876 Mahakama ya Juu ikafuta hukumu zao.

Muda. Mpango huu ulidai kizazi kizima. Ulipewa miaka 10. Mdororo wa uchumi wa 1873 uliwachosha watu wa Kaskazini, na Aprili 1877, baada ya uchaguzi wenye mgogoro uliompa urais Rutherford Hayes, askari waliokuwa wakilinda majengo ya serikali ya South Carolina na Louisiana waliondolewa. Kilichofuata kilikuja polepole. Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi zaidi ya 130,000 mwaka 1896. Mwaka 1900 walibaki 5,320.

Unamfaa nani. Anayejali misingi inayodumu. Marekebisho ya 14 ndiyo yaliyotumika mwaka 1954 kupiga marufuku ubaguzi wa shule za umma, na ya 15 ndiyo nguzo ya sheria ya kura ya 1965. Mpinzani atakuuliza kama mtu aliyeuawa Colfax alifaidika nini na kesi ya 1954. Swali hilo lijibu kwa ushahidi wa 1871, hapo una nguvu.

Uchague kwa hali yako

Kama mada inasema "kumaliza vita" au "kuvuta upande wa pili mezani", chukua Lincoln, na usiuvushe mpango wake mpaka 1866.

Kama umepangiwa kutetea mamlaka ya majimbo, huna jinsi, chukua Johnson. Anza na gharama na Katiba, na uzitaje sheria za Mississippi kabla mpinzani hajazitaja. Ukizificha umekwisha.

Kama hadhira yako ni watu wa vyama vya wakulima, au unatoka mahali ambapo mgogoro wa ardhi umewahi kufuata vita, ardhi ndiyo itakayosikika. Simama juu ya Edisto na Beaufort na uache hotuba ndefu. Onyo langu moja: usiahidi kwamba shamba lingezuia bunduki.

Kama ni insha ya chuo kuhusu haki za raia, mpango wa Bunge una nyaraka nyingi na ndio rahisi kuutolea ushahidi. Mwalimu mkali atakushusha alama ukiusimulia kama ushindi tu, au kama kosa tu.

Na kama sheria za mdahalo zinaruhusu kuchanganya, mchanganyiko unaoshikika zaidi ni kura za Bunge pamoja na ardhi iliyouzwa kwa hati, jinsi ilivyofanyika Beaufort. Mchanganyiko wa Lincoln na Johnson, ambao wengi huupenda kwa kuwa unasikika wa busara, unakuachia shimo palepale: miezi ya mwisho ya 1865, mabunge ya Kusini yakitunga sheria zake na hakuna mtu mweusi hata mmoja aliyeruhusiwa kupiga kura ya kuyapinga.